Nilimpata mume kwenye simu, waliomchunguza ni wazee

Mwaka 2025 nilifunga ndoa na mwanaume niliyekutana naye kwenye programu ya simu. Hatukusoma pamoja, hatukusali parokia moja, wala hakuna ndugu aliyetukutanisha. Yeye alikuwa Dar es Salaam, mimi Dodoma, na bila simu tusingejuana kabisa. Tangu watu wajue hivyo, mabinti wengi, na vijana wa kiume kadhaa, wamenivuta pembeni na swali moja: "Dada, ulitumia programu gani?" Swali hilo silioni kama lina msaada. Mwanaume aliyeniumiza kuliko wote na huyu niliyeolewa naye niliwapata kwenye programu ileile. Kilichowatofautisha ni watu waliojua habari zao. Wa kwanza nilimjua peke yangu. Wa pili alijulikana na ukoo mzima kabla sijamwamini.

Nianze na sababu za kuingia huko, maana wapo wanaoamini kwamba anayetafuta mchumba mtandaoni ni mtu aliyeshindikana. Mimi ni mtumishi wa umma. Wizara zilipohamia Mji wa Serikali kule Mtumba mwaka 2019, nilifungasha vitu vyangu Tabata nikaenda Dodoma pamoja na wenzangu. Huko Dar niliacha mengi zaidi ya nyumba. Niliacha kwaya niliyoimba tangu nikiwa chuoni, majirani walioniita kwa jina la mama yangu, shangazi ambaye sebule yake haikosi mgeni Jumapili, na zile sendofu na harusi ambako watu wa rika langu walikuwa wanaonana bila mtu kupanga. Dodoma nilikuwa na ofisi, chumba cha kupanga Ilazo na gari la wafanyakazi asubuhi na jioni. Wanaume wengi wa ofisini familia zao zilibaki Dar, Ijumaa mchana wanapotea. Nilikuwa na miaka 32, na kila Desemba tukipanda Rombo kwa Krismasi nilikuwa naulizwa lile swali ambalo kila binti wa Kichaga anayerudi peke yake analijua.

Upweke wa namna hiyo ninauona kwa wengi. Muuguzi aliyepangiwa kituo Katavi, mwalimu wa sekondari ya kata huko Liwale, dereva wa lori anayelala Tunduma leo na Kasumbalesa wiki ijayo, mjane wa miaka 50 ambaye watoto wameshaondoka nyumbani. Hawa wote zamani wangetafutiwa mtu na shangazi, au na jirani, au na mama wa jumuiya. Sasa shangazi yuko mbali na jirani hatumjui jina. Kwa hiyo watu wanaingia kwenye simu. Badoo ipo tangu 2006 na ilishazoeleka hapa kwetu kabla Tinder haijaanza mwaka 2012, na wengine wala hawapakui programu yoyote, wanaanzia kwenye ujumbe wa Facebook au Instagram. Nchini Marekani utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2019 ulionyesha kwamba katika wapenzi wa mwanamke na mwanaume waliokutana mwaka 2017, asilimia 39 walikutana mtandaoni, wengi kuliko waliounganishwa na marafiki. Kwetu mambo hayajafika huko, lakini katika harusi nilizochangia miaka hii ya karibuni, maharusi kadhaa wameniambia kwa sauti ya chini kwamba wao pia walianzia kwenye simu. Hiyo sauti ya chini ndiyo inayonisumbua, na nitaieleza.

Miezi ya kwanza ilinichosha. Unafungua akaunti, unaweka picha na maneno machache, na kabla hujalala umeshapokea jumbe nyingi za "mambo" na "nitumie picha nyingine". Nilijifunza haraka kwamba anayeomba picha kabla ya kuuliza unafanya kazi gani hana safari ndefu na wewe. Nikajiunga pia na kundi moja la WhatsApp la watafuta wachumba, ambako msimamizi hutoza ada ya kujiunga, kisha ada nyingine ya "kuunganishwa". Nilitoka. Yule msimamizi hakuwahi kumwona kwa macho hata mmoja wa watu aliokuwa anawauza, na mshenga asiyewajua watu wake sikuona analipwa kwa kazi ipi.

Wanaume nao wanalizwa, nisije nikaandika kana kwamba maumivu haya ni ya wanawake tu. Kaka yangu mmoja wa Mwanza alifahamiana na binti aliyesema yuko Kahama. Wakaongea wiki kadhaa, akamtumia nauli, na ya kutolea juu yake. Siku ya safari akakaa stendi ya Nyegezi kuanzia mchana hadi magari ya jioni yakaisha kuingia. Simu ya binti ikawa haipatikani. Watu wanacheka sana habari za kuliwa nauli, lakini mimi nilimsikiliza kaka yangu usiku ule na hapakuwa na la kuchekesha. Alikuwa ameshanunua mashuka mapya. Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa wanaume ni kwamba, ikiwa mmekubaliana umlipie usafiri, kata tiketi wewe mwenyewe kwa jina lake, usitume fedha. Lililo bora zaidi ni kila mmoja ajilipie na mkutane katikati ya njia. Asiyeweza kujilipia kwa sasa atasubiri mwisho wa mwezi, na wewe utasubiri naye.

Kuna na wale matapeli wakubwa. Mama mmoja ninayemheshimu sana kazini, mjane, alifahamiana na mtu aliyejitambulisha kama daktari wa jeshi la Marekani aliyeko Syria. Picha nzuri, Kiingereza laini, salamu kila asubuhi kabla hajaamka. Baada ya muda daktari akasema amemtumia kifurushi chenye zawadi na dola ndani. Ikafuata simu ya Mtanzania aliyesema yuko uwanja wa ndege, kifurushi kimezuiwa, ulipwe ushuru. Akalipa. Wakasema kuna faini. Akalipa tena. Alipokuja kunieleza, mshahara wa miezi mitatu ulikuwa umekwenda na alikuwa ameanza kukopa. Nilimwonyesha jambo moja tu: malipo yote yalikwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ushuru wa forodha hulipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hauingii kwenye simu ya mtu hata siku moja. Alinyamaza, kisha akalia.

Nilimwomba twende polisi. Alikataa, akasema watoto wake watajua. Hata kutuma ujumbe kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, alichelewa kwa wiki nzima kwa sababu ya aibu. Mchezo huu ni mkubwa duniani: mwaka 2023 peke yake Wamarekani waliripoti kwa Tume yao ya Biashara kupoteza zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa matapeli wa mapenzi, na hao ni wale waliothubutu kuripoti. Mama yule si mjinga. Amesimamia bajeti za serikali kwa miaka mingi. Alichokosa ni mtu mmoja wa kumwambia mapema, "Nimempata rafiki, hebu mtazame." Angenionyesha mimi wiki ya kwanza, fedha zake zingekuwa zipo.

Kwangu mimi maumivu hayakuja kwa njia ya tapeli. Yalikuja kwa njia ya mwanaume wa kawaida kabisa, mstaarabu, mhandisi wa barabara, jina lake la kweli, picha zake za kweli, kazi yake ya kweli. Alikuwa anakaa Mbeya na kazi zilimleta Dodoma mara kwa mara. Tulikutana mwaka 2022 na tukawa pamoja karibu mwaka mzima. Alikuwa anapiga simu asubuhi akiwa njiani kwenda kazini, na mchana, na jioni kabla ya saa moja. Usiku alikuwa anasema mtandao wa kwake unasumbua. Sikukuu zote alikuwa "site". Nilipomwambia nataka kumtambulisha kwa dada yangu aliniambia kwa upole, "Mpenzi, tusiwatangazie watu mapema, binadamu wana jicho baya." Na mimi nilikubali haraka, kwa furaha hata, kwa sababu nilikuwa naona aibu kusema nilimtoa wapi. Nawaomba mnaosoma mlitazame hilo kwa makini. Yeye alihitaji siri kwa sababu zake, mimi nilihitaji siri kwa sababu zangu, na siri zetu mbili zikamjengea yeye ukuta.

Usiku mmoja simu yake ikanipigia, na aliyekuwa anaongea ni mwanamke. Hakunitukana. Aliniuliza jina langu, akaniambia yeye ni mama wa watoto wawili wa huyo bwana, na akaniuliza kama nilijua. Nilimwambia sikujua. Akasema, "Nilifikiri hivyo," akakata. Yule bwana alinitafuta siku ya pili kunieleza kwamba hawajafunga ndoa, wanaishi tu. Rafiki yangu mwanasheria alinifungulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria huchukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mkisikia "tunaishi tu", jueni kwamba mbele ya hakimu maneno hayo yanaweza yasiwe na uzito wowote, na mbele ya yule mama hayajawahi kuwa nao.

Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Nilikuwa nakwenda kazini, nasaini, nakaa mbele ya kompyuta, na wenzangu wakiniuliza nasema ni vumbi la Dodoma linaniumiza macho. Kulikuwa na fedha nilizompa za kutengenezea gari, hazikurudi. Lakini fedha haikuwa kubwa kama ule mwaka. Na lililonichoma zaidi nililigundua baadaye: mhasibu wa idara ya jirani, niliyekuwa nakula naye chakula cha mchana, mdogo wake alikuwa anaishi mtaa mmoja na yule bwana huko Mbeya. Mtaa mzima ulimjua yeye, mkewe na watoto wake. Jibu nililolihitaji lilikuwa umbali wa simu moja, mezani pangu, mwaka mzima.

Nilifuta akaunti. Nilikaa bila kutafuta mtu yeyote kwa zaidi ya mwaka, na muda huo ndio ulionisaidia kufikiri. Wazee wetu hawakumwamini mtu kwa uzuri wa maneno yake. Kijana akipeleka posa, kuna mtu alitumwa kimyakimya kwao kuuliza: ukoo gani, wanaishije na majirani, kuna ugonjwa, kuna ugomvi wa mashamba, huyu kijana ana mke mwingine? Kazi ile tulikuwa tunaiona kama umbea wa watu wazima. Mtandao unakuletea mtu aliyekatwa kutoka kwa watu wake wote, amebaki picha na maneno. Nikaona kwamba nikirudi huko, kazi yangu ya kwanza ni kumrudisha huyo mtu kwa watu wake, nimwone akiwa katikati yao.

Nilirudi mwaka 2024, na safari hii niliandika wazi kwenye maelezo yangu kwamba natafuta ndoa na kwamba ndugu zangu watahusika. Jumbe zilipungua sana. Waliobaki walikuwa wachache, na mmoja wao aliandika, "Hata mimi mama yangu atataka kukujua." Ndiye huyu.

Yapo mambo madogo niliyoyafanya wiki za mwanzo ambayo namshauri kila mtu ayafanye bila kuona haya. Niliingiza namba yake kwenye huduma ya fedha ya simu kana kwamba natuma hela, jina la usajili likatokea, nikaghairi kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti usimhukumu mtu hapohapo, maana wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha ndugu, lakini uliza, na usikilize anavyojibu. Nilizitafuta picha zake kwa Google kuona kama zipo kwenye akaunti ya mtu mwingine. Nilimpigia simu ya video saa ambazo hatukupanga, jioni ya Jumapili, usiku wa saa tatu, siku ya sikukuu. Alipokea, mara nyingine akiwa amevaa fulana anapika, mara nyingine yuko kwa dada yake na watoto wanapiga kelele nyuma. Na siku ileile niliyoanza kumpenda nilimtumia dada yangu jina lake kamili, picha yake, namba yake na mahali anapofanya kazi. Picha za faragha sikutuma na yeye hakuomba. Anayekuomba picha hizo na kukuahidi atazifuta anakuomba silaha, na mabinti wengi wamelipishwa fedha kwa vitisho vya kusambaziwa. Ikikukuta usilipe. Hifadhi jumbe zote na nenda polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Katika mwezi wa kwanza aliniambia ana mtoto wa kike kwa mwanamke waliyeachana zamani, na kwamba anamlipia ada. Sikufurahi kusikia. Nililala na habari hiyo siku kadhaa. Lakini niliiandika mahali, pamoja na mengine aliyoniambia: kwao Mbinga, baba yake mkulima wa kahawa, amebatizwa parokia fulani, amesoma shule fulani.

Tulikutana ana kwa ana Morogoro. Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ilikuwa imeanza kufika Dodoma Julai mwaka ule, na bila hiyo treni sijui kama ndoa yetu ingekuwepo. Basi la Dar lilikuwa linakula siku nzima. Mwaka huo, kwa shilingi 31,000 za daraja la kawaida, mtu alitoka Dar akafika Dodoma kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Tulichagua katikati. Kila mmoja alijikatia tiketi ya kwenda na ya kurudi siku hiyohiyo. Tulikutana mchana, kwenye mgahawa wenye watu, dada yangu anajua mahali na saa, na tulikubaliana nimpigie saa kumi. Majirani zetu Kenya walikuwa wameuanza mwaka huo kwa msiba: wanawake waliuawa, baadhi katika vyumba vya kupangisha vya muda mfupi jijini Nairobi, na tarehe 27 Januari maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji hayo. Mimi sikuwa na sababu ya kuamini kwamba Morogoro ni salama kuliko Nairobi. Mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, msikutane chumbani, na kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani. Mwanaume mwenye nia njema haoni hilo kama tusi. Wangu alimpigia simu dada yangu mwenyewe, akajitambulisha, akamwambia tutamaliza saa ngapi.

Kitu ambacho hakuna aliyenitayarishia ni ukimya. Kwenye simu tulikuwa hatumalizi maneno, na pale mezani tukawa kama watu wawili kwenye foleni ya benki. Nilivunjika moyo kidogo. Nilichokielewa baadaye ni kwamba miezi ya kuandikiana inakufundisha mwandiko wa mtu. Hujui anavyotembea, anavyosubiri, anavyokasirika. Siku ile chakula kilichelewa sana, na kilipofika kilikuwa siyo tulichoagiza. Nilimtazama kuliko nilivyokitazama chakula. Alimwita yule binti wa mgahawa, akamwambia taratibu, "Dada, nadhani hiki ni cha meza nyingine, tunaweza kusubiri." Nilirudi Dodoma na hilo moja, na lilikuwa zito kuliko jumbe zote. Kwa hiyo nasema: onaneni mapema iwezekanavyo. Kadri mnavyochelewa kuonana, ndivyo unavyozidi kumpenda mtu uliyemtengeneza mwenyewe kichwani.

Gharama ziwekwe wazi. Safari za wikendi kwa miezi mingi, kwa zamu, chakula, nyumba ya kulala wageni, vifurushi vya intaneti: mshahara wangu uliyumba, na wake pia. Kuna wikendi tulikubaliana tusionane kwa sababu hatukuwa na fedha. Anayedhani mapenzi ya mbali ni nafuu hajayaishi.

Kisha ikaja siku ya kuwaambia wazee. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni baba mkubwa, Rombo. Shangazi alishasikia na alishakasirika: "Mwanaume wa kwenye simu! Huko si ndiko wanakotapeliwa watu?" Niliwaza kusema tulikutana kwenye semina ya kazi. Wengi husema hivyo, ndiyo ile sauti ya chini. Nikakumbuka siri ya kwanza ilinifikisha wapi, nikasema ukweli: "Baba mkubwa, tulifahamiana kwenye mtandao wa kutafuta wachumba."

Alikaa kimya, halafu akanisimulia jambo ambalo sikulitarajia. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, watu walikuwa wanatumiana kadi za salamu. Jina lako linasomwa redioni, kijiji chako, sanduku lako la posta, na nchi nzima inasikia. Watu wakaanza kuandikiana barua kutokana na salamu zile, na yeye mwenyewe alimjua mwalimu aliyeoa kwa njia hiyo mke kutoka mkoa ambao hajawahi kukanyaga. "Lakini sisi," akasema, "salamu zetu kila mtu alizisikia. Zenu mnasomeana chini ya shuka." Kisha akachukua kalamu. Kijiji gani? Baba yake nani? Parokia ipi? Nikamsomea kila kitu nilichoandika.

Baba mkubwa ana rafiki, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Songea, na huyo ana watu Mbinga. Ilichukua kama wiki mbili. Zilinitesa wiki zile kuliko mtihani wowote. Majibu yalikuja: familia inajulikana, baba anaheshimika, kijana hana mke, ana mtoto mmoja wa kike na anamtunza. Nilikaa chini. Siyo kwamba habari zilikuwa nzuri tu. Zilikuwa zilezile alizoniambia mwenyewe. Hapo ndipo nilipomwamini, na nadhani ndiyo njia pekee ya kumwamini mtu wa mtandaoni: maneno yake na maneno ya watu wake yakutane bila wao kupanga. Na wao walinichunguza. Walifika hadi Tabata. Jirani yetu wa zamani alinipigia kuniambia kuna watu wamekuja kuuliza habari zangu, na kwamba amewaambia naimba vizuri lakini nina hasira. Sikukasirika, walikuwa na haki yao.

Kanisa nalo lina uchunguzi wake, ambao vijana wengi wanauchukulia kama usumbufu wa makaratasi. Kwa sisi Wakatoliki, kabla ya ndoa unaleta cheti cha ubatizo kilichotolewa upya na parokia uliyobatizwa, kwa sababu ndoa ya kanisani huandikwa kwenye daftari la ubatizo. Mtu aliyewahi kufunga ndoa kanisani mahali popote hawezi kuificha kirahisi. Kisha yanakuja matangazo, Jumapili tatu, kwenye parokia zote mbili, mwenye pingamizi aseme. Wanaofunga bomani nao hutoa taarifa siku 21 kabla, kwa sababu hiyohiyo. Rafiki yangu wa Tanga aliolewa na mtu aliyempata Facebook, na kwao, Waislamu, walii wake, yaani ndugu wa kiume anayemwozesha, alikataa kusikia habari ya mahari mpaka alipokwenda mwenyewe kusali msikiti wa mtaa wa yule bwana na kukaa na majirani zake. Tulipima pia pamoja, VVU, homa ya ini na selimundu, kabla ya barua ya posa. Ombeni hilo mapema, kabla watu hawajachangia fedha, maana baada ya kamati kuundwa mtu hapati tena nafasi ya kurudi nyuma.

Ukumbini mshereheshaji alikuwa ameandaa hadithi ya kwamba tulikutana chuoni. Nilimwomba aiache. Akasema tulikutana mtandaoni, ukumbi ukapiga vigelegele kama kawaida, na shangazi alikuwa wa kwanza kusimama kucheza. Baada ya hapo ndipo mabinti walipoanza kunivuta pembeni.

Mmoja wao ni mdogo wake yule rafiki yangu wa Tanga. Ana miezi kadhaa akiongea na kijana anayesema ni mtu wa Wete, Pemba, na kwamba anafanya kazi Muscat. Anampenda, nilimsikia kwenye sauti. Nilimuuliza nyumbani nani anajua, akasema hakuna. Nilimwomba aanze na dada yake, na alianza. Sasa kijana ameombwa jina la mtaa wao na la mjomba wake, na ameyatoa bila kigugumizi. Baba yao ana mtu anayefanya biashara ya karafuu kule Wete, amempa majina hayo. Mpaka jana jibu lilikuwa halijafika, na binti amekubali kwamba kabla halijafika hatapanda ndege, hatatuma fedha, na simu ya kijana ikiita ataipokea sebuleni.